Mchezo wa Mtani Msibani

Chamazi, Jumapili

Kaka Gregori,

Shikamoo. Nakuamkia kwa heshima zote mapema, maana huko mbele nitakukosea adabu. Wifi Editha hajambo? Na mihogo ya huko Kimbiji, nguruwe wamewaachia kidogo? Sie tunaendelea, ila nyumba imepoa tangu tumzike Baba. Koti lake bado liko msumarini.

Naandika kwa sababu simuni nikigusa tu habari za tumbo unasema mtandao unakata.

Kaka, sote tulikosea. Baba alipoona damu chooni tulisema bawasiri, tukamletea mizizi. Choo kilipobadilika, mara kufunga mara kuharisha, tukalaumu maharage. Alipokonda tukasema uzee. Daktari alipotamka saratani ya utumbo mpana, ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Daktari huyo alinivuta pembeni. Alisema mara nyingi ugonjwa huanza na kinyama kidogo ndani ya utumbo, hakiumi, kinakaa miaka. Kikionwa mapema kinakatwa kabla hakijageuka saratani. Akasema watoto wa mgonjwa tusingoje dalili, twende tukapimwe. Nilikwambia, ukanijibu kwamba mwanaume hachunguliwi huko.

Basi mie nimekwenda. Loo! Dawa ya kusafisha tumbo ilinihamishia chooni, jirani akadhani nimekula sumu. Lakini kipimo chenyewe, cha kamera, nilichomwa sindano nikasinzia, sikusikia kitu. Walikuta vinyama viwili wakavikata palepale. Majibu yametoka, havijawa saratani. Nililia sana kaka, kwa sababu hata Baba angeweza kupona hivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye lililonikalisha kuandika. Unamkumbuka Mzee Adelard, mtani wetu Mhehe, alivyovaa koti la Baba siku ya kuanua tanga? Alikohoa kama Baba, akaomba ugoro kama Baba, waombolezaji hoi. Kisha akaketi kwenye sinia la wali, akainuka ghafla ameshika tumbo, akakimbilia chooni, akarudi, akakaa upande upande, akakimbia tena. Wewe ulicheka kuliko wote.

Jana alikuja kunijulia hali, nikamsifu kwamba pale kwenye sinia alimwiga Baba barabara. Hakucheka. Alisema koti lilikuwa la Baba, lakini zile mbio hazikuwa zake, kwani Baba alikuwa hainuki kitandani muda mrefu. Alisema alikuwa anakuiga wewe. Siku zote za msiba alikuona unavyoacha chakula, na alikuona unavyofua suruali yenye damu nyuma ya nyumba, peke yako. Akasema mtani ana ruhusa ya kusema lolote, ila hilo lilimshinda mdomoni, akalicheza akitumaini utaelewa.

Na wewe ulielewa, kaka. Ndiyo maana ulicheka vile.

Huenda si saratani. Inshallah isiwe. Lakini hata kwa Baba tulisema siyo. Naogopa, Gregori. Nimebaki na wewe tu.

Shemeji yako Erasmus, aliyekuletea barua hii, nimemwambia asirudi bila wewe. Mpe maji anywe, fungasha nguo mbili, mfuate. Kesho asubuhi tunakwenda kwa daktari pamoja.

Nisalimie wifi, na umwambie ukweli. Koti nitalificha kabatini. Sitaki Mzee Adelard alivae tena mwaka huu.

Mdogo wako, niliye mlangoni nakutazamia,

Yuliana