Kondo la Christa

Jumatatu, 2 Oktoba 2023
Séphora amefika kutoka Beni, mzima, Mungu asifiwe. Njia ilifungwa asubuhi, ikafunguliwa adhuhuri. Mjukuu wangu huyu anafanya kazi katika maabara ya huko. Amekuja na glasiere ya buluu, sanduku la kutunzia vitu baridi, akaiweka mezani juu ya Biblia yangu! Nimeiondoa mwenyewe.

Amekuja kwa ajili ya Christa, mke wa mwanangu Timothée. Mimba mbili zilimtoka Christa zikiwa zimekwisha kuwa kubwa. Hii ya tatu imefika mwezi wa nane, na presha yake inapanda. Mtoto akizaliwa, Séphora anaomba kipande cha kondo la nyuma. Anachunguza protini ziitwazo galektini.

Dada yangu Kaswera, aniitaye Yaya kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa, alikuwa akimenya ndizi. Kisu kikasimama. "Kondo ya mutoto hapana kukata!"

Nimesema tutaongea.

Jumanne, 3 Oktoba
Nimemtaka Séphora anieleze kwa sentensi kamili, bila "donc" wala "quoi" za Kifaransa. Amejitahidi.

Mtoto ni nusu mama, nusu baba. Damu ya mama ingepaswa kumpiga vita kama inavyopiga ugonjwa. Haimpigi. Kwa nini? Kila chembe ya mwili imevaa sukari kwa nje — si sukari ya chai, ni vinyororo vidogo mno — na galektini hushika sukari hizo. Kondo hutengeneza galektini hizo tangu mwanzo, mtoto akiwa bado hana hata mikono. Zikiwashika askari wa damu ya mama, hao hutulia, na wengine hufa. Tena hulisaidia kondo kuota mizizi na kufungua mishipa, damu imfikie mtoto. Zikipungua, presha ya mama huweza kupanda. Huweza, amesisitiza. Hana hakika, na ndiyo sababu anatafuta. Nimeipenda hiyo "huweza". Ni neno la mtu mwaminifu.

Nina watoto saba. Kila mmoja alilindwa hivyo, nami nilikuwa sina habari. Ajabu! Nimeitazama mvua muda mrefu, nikimsifu Muumba kwa kazi aifanyayo bila kupiga kelele.

Alhamisi, 5 Oktoba
Kikao cha familia. Kwetu kondo hurudi nyumbani likiwa zima. La msichana huzikwa chini ya mgomba wa ndizi za kupika, la mvulana chini ya mgomba wa ndizi za pombe. Nimetoa hukumu: likatwe katikati, nusu iende maabara, nusu izikwe. Nilidhani ni hekima. Wote wawili wamenikasirikia! Séphora anataka kipande kama punje ya maharage tu. Kaswera amecheka kwa uchungu: "Yaya, weye uko unagawanya mutoto kama nyama ya mbuzi!" Kisha akamgeukia Séphora. Na hiyo punje, nani ataizika?

Séphora akakiri ukweli. Maabara huchoma mabaki.

Ndipo Christa akasema kutoka kitini, miguu imemvimba. Hakupandisha sauti. "Baba, bakate. Niko nataka kujua juu ya nini bale babili balikufa."

 

Jumamosi, 7 Oktoba
Séphora ameahidi: chochote kitakachobaki cha kipande atakirudisha hapa, hakitachomwa. Kisha akachukua jembe, akaenda kuchimba shimo migombani. Mashimo mawili, maana hatujui ni msichana au mvulana. Kaswera alimtazama kutoka jikoni mpaka uvumilivu ukamwisha. "Unalima kama mutu wa bureau, mutu wa kalamu!" Akamnyang'anya jembe, akachimba la pili yeye mwenyewe.

Akiwa bado anahema, ameuliza hizo galektini zinafanya nini hasa. Séphora akakwama katika Kifaransa chake. Nikaingilia kwa mfano. Umefika kwenye barière, kizuizi cha askari, njia ya Beni. Askari hawakujui. Anatokea mtu wanayemjua, anakushika bega, anasema huyu ni wetu. Unapita.

Kaswera akafuta udongo mikononi. Akasema basi hiyo ni kazi ya shangazi.

Kweli kabisa. Yeye ni shangazi wa Timothée; siku ya harusi ndiye aliyemshika Christa bega na kumwingiza mbele ya wazee. Nikangoja akubali likatwe.  Akarudi jikoni bila kusema ndiyo.

Jumatatu, 9 Oktoba
Hospitali. Naandika kwenye benchi ya korido. Asubuhi presha ilipanda ghafla, ikabidi Christa apasuliwe. Mtoto amelia — msichana! Mama yake hajaamka. Daktari anasema tungoje.

Muuguzi ametoka. Kondo liko tayari kando ya kitanda cha Christa, aje mwanamke mmoja wa familia. Séphora akasimama na glasiere yake. Mlinzi akamzuia: na hilo sanduku anakwenda nalo wapi? Kaswera naye alikuwa amesimama, ameshika jani la mgomba la kufungia kondo, alilolipitisha motoni alfajiri lisije likapasuka.

Hakunitazama. Aliweka mkono begani mwa Séphora.

"Huyu ni wetu. Umuache apite."

Mlinzi akasema mmoja tu, mama.

"Basi tuko mutu mumoja!"

Wameingia. Mlango umefungwa. Jani ameniachia mimi, na mimi nimelishika kwa mkono wa kushoto, naandika kwa wa kulia. Namsikia Kaswera ndani, anamwita Christa kwa jina. Anamwita tena.