Mzee Malimi Mlangoni

Jumapili jioni

Nilijua ni yeye, na bado nikamzuia. Mzee Malimi, aliyeniingiza mwenyewe katika chama chetu cha siri, alivuka ziwa jana kutoka Sengerema akakuta kikao kimeshaanza. Mlinzi wa mlango ni mimi; husimama nje na upanga wangu wa sherehe.

“Shikamoo mzee. Neno la kuingilia?”

“Marahaba. Limenitoka, mwanangu.”

Ningeweza kugonga, mwenyekiti atoke amtambue. Sikugonga. Niliogopa kuonekana mlegevu.

“Unalinda vizuri,” akasema, akarudi kivukoni taratibu.

Leo binti yake amenipigia simu. Mzee ana ugonjwa wa kusahau, na unazidi. Alikuja kutuaga angali anatujua.

Nimemwambia nitavuka kesho nikamwombe radhi. Sijui kama atakumbuka nilichomkosea.