Moyo Mwekundu wa Nyota Wangu

Jumamosi, Makongeni

Pu! Huo ndio mlio wa mgongo wangu kwenye mkeka leo, katika mtihani wa mkanda wa kahawia kule Ruiru.

Kosa ni langu. Nyota wa filamu za kareti aliiwekea video yangu moyo mwekundu mtandaoni, nikajiona mwanafunzi wake. Leo nilizuia ngumi, nikatulia, nikamkazia mpinzani wangu Wambui macho kama afanyavyo nyota huyo. Wambui, ambaye hata simu hana, hakungoja. Alinifagia miguu.

"Mrembo, ulikuwa unangojea kamera?" mwalimu akauliza. Ukumbi mzima ukacheka.

Mkanda nimeukosa. Nimerudi nyumbani nikachungulia ukurasa wa nyota huyo: kila shabiki ana moyo kama wangu, hata yule anayepiga sofa mateke.

Nimeacha kumfuata nyota wangu mtandaoni. Hadi sasa hajauliza kwa nini.