Penina Yuko Lerai

Jumatano, 7 Mei 2025

Mdomo wa Baba Goodness umekwenda kushoto! Asubuhi anakunywa chai, chai inachuruzika upande wa kulia, nami nikacheka. Nilidhani ananichekesha, maana mume wangu huyu ni mtu wa mzaha tangu jogoo la kwanza. Kisha nikaona jicho la kulia halifumbi. Nikaacha kucheka.

Homa inamjia na kuondoka tangu Machi. Mara tatu sasa. Ilianza baada ya msiba wa shangazi yake kule Kansay, walipolala chini juma zima kwenye ile nyumba ya udongo. Kila mara tunasema malaria, anameza dawa, anapata nafuu siku kadhaa, inarudi. Na maneno nayo yanamkimbia. Juzi ananiomba "ile... ile ya mlango... ya kufungulia." Ufunguo! Mtu anayewatajia wageni ndege wote wa Ngorongoro bila kufungua kitabu, leo ufunguo unamshinda.

Kazini, wanakomwita Tluway, wamemtoa kwenye usukani. Miaka ishirini na moja anashusha watalii kreta. Alikwenda tu kuosha Kruza ya Simel, dereva mwenzake, akaiosha mara mbili.

Jumapili, 11 Mei

Baada ya ibada Isaya, kaka yake Baba Goodness, kanivuta pembeni. Eti hili si la bure, kuna mkono wa mtu, atafutwe mtaalamu. Nikamwambia mtaalamu ameshatafutwa, yuko Moshi, anavaa koti jeupe.

Jioni Simel alikuja na maziwa kutoka kwao Piyaya. Alimtazama Baba Goodness usoni, akasema: sasa hata ukinuna, wageni watadhani unatabasamu. Baba Goodness alicheka kwa nusu mdomo hadi akakohoa. Hakuna aliyemchekesha hivyo juma zima. Mungu ambariki Simel na ng'ombe wake wote.

Jumanne, 13 Mei

Moshi. Naandikia kwenye benchi la hospitali.

Kwanza niandike hili, maana nami nikizeeka nitasahau. Madereva hawataji mnyama waziwazi kwenye redio. Wageni wakisikia, halafu mnyama akaondoka kabla hawajafika, lawama hazina mwisho. Kwa hiyo kila mnyama ana jina la kificho. Simba ni sharubu. Na faru? Baba Goodness na Simel wanamwita Penina! Jina langu la ubatizo! Niligundua mwaka wa pili wa ndoa, nilipopeleka lanchi boksi za wageni getini, redio ikasema: "Penina yuko Lerai, amelala, msimsogelee, leo ana hasira." Lerai ni msitu wa huko chini kreta. Nilinuna siku tatu. Akajitetea: wamebaki wachache, wanatafutwa na dunia nzima, na wakikasirika hawarudi nyuma. Siku ya nne nikasamehe. Sikumwambia kwamba nilifurahi.

Basi, leo. Daktari ni binti mpole, anaitwa Nailantei. Akamwonyesha Baba Goodness michoro ya wanyama. Wa kwanza, "simba." Sawa. Wa pili, ngamia. Akahangaika, "wa... mgongo... wa jangwani." Wa tatu alimtazama muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti kabisa, "Penina."

Daktari akaandika kitu. Akaniuliza taratibu, kwani Penina ni nani?

Ni mimi! Nilicheka, jamani, nikashika meza. Halafu nikaanza kulia na kicheko hakijaisha. Nilipomweleza, daktari akafuta alichoandika, akasema hilo atalihesabu amepata.

Aliposikia homa inayorudirudi na nyumba ya udongo, akasema: papasi. Wadudu wale wanaojificha kwenye nyufa za sakafu, wanauma usiku na hujui. Ugonjwa wao unaweza kuingia hadi kwenye mishipa ya fahamu. Ulaya na Marekani una ndugu yake anayeletwa na kupe, unaitwa Lyme. Baba Goodness akainua kidole: "Mgeni... wa kofia!" Kweli! Mwaka juzi kulikuwa na mama Mmarekani wa kofia kubwa aliyewasimulia habari za Lyme yake safari nzima. Alikumbuka! Nilitaka kumbusu mbele ya daktari.

Kesho anapigwa picha ya ubongo, MRI. Waone kama ubongo umeguswa, au kama ni kitu kingine. Uvimbe. Neno hilo nimeliandika, nikalifuta, nikaliandika tena.

Daktari kanipa na mimi dawa yangu: akitafuta neno, nisimpe. Nimsubiri. Hanijui huyu binti.

Jumatano, 14 Mei

Chuma chochote hakiingii kwenye chumba kile. Wala pete. Ya kwake haijawahi kutoka tangu altareni, tukaitoa kwa sabuni, yeye anavuta, mimi navuta. Nikaivaa kwenye dole gumba. Wakamlaza, wakamsukuma ndani ya lile bomba, nikabaki nje naizungusha ile pete. Mashine inagonga kama inabomoa nyumba. Niliomba sala zote ninazozijua, na nyingine nikazitunga.

Alipotoka akasema inalia kama Kruza iliyokufa giaboksi. Giaboksi! Neno zima, bila kusita.

Majibu mchana. Hakuna uvimbe. Hakuna kiharusi. Daktari akasema, "Kichwani hatujaona kitu."

Baba Goodness akanigeukia. "Si ulisema... siku nyingi."

Kweli, nimemwambia hivyo tangu tuoane! Hana kitu kichwani! Sasa nina hata cheti cha hospitali.

Lakini daktari hakucheka sana. Alisema picha safi si kwamba mtu haumwi. Ugonjwa huu mara nyingi hauonekani kwenye picha. Vipimo vya damu na vya maji ya uti wa mgongo ndivyo vilivyosema ni ule wa papasi. Sindano za mshipa siku kumi na nne. Maneno yatarudi? Akasema wengi hupona, ila hawezi kuahidi yatarudi yote. Nilishukuru hakunidanganya. Nilitamani kidogo angenidanganya.

Jumamosi, 31 Mei

Sindano zimeisha, tumerudi Karatu. Isaya kaja kutusalimia. Eti kama picha haina kitu, basi anaumwa nini? Nikamwambia: shemeji, hata wewe ukipigwa haitaonyesha kitu, na hatujakuita mgonjwa.

Jumanne, 10 Juni

Jicho linafumba! Nilimwamsha jana asubuhi ili nione linavyofumbuka. Akanuna kwa mdomo mzima, pande zote mbili. Raha!

Maneno bado. Nyumbani tukiwa wawili yanakuja. Akiharakishwa, yanafungiwa nje. Leo alikuwa anatafuta "sufuria", nami nimesimama nimeishika, nimebana midomo, mpaka maharage kwenye chungu yakaungua. Mwishowe nikapiga kelele: SUFURIA! Akatoka nje. Nilimfuata, nikamwomba radhi. Akaniambia, polepole, kwamba nikimpa neno linakuwa langu, halirudi kuwa lake.

Nimelia. Nimpende vipi mtu huyu bila kumsaidia? Basi nitafunga mdomo. Mimi!

Jumatano, 18 Juni

Naandikia ndani ya Kruza, chini kreta! Miaka kumi na tisa ya ndoa nafunga lanchi boksi za watu wanaoshuka huku, mimi mwenyewe leo ndiyo mara ya kwanza. Ni pazuri hadi nimekasirika. Baba Goodness amekuwa akija huku kila siku, nyumbani ananiambia "kulikuwa na vumbi"!

Leo ni mtihani. Bosi kasema apande na Simel gari bila wageni, amsikie kwenye redio kama zamani, ndipo wazungumze habari ya usukani. Bosi mwenyewe yuko upande wa ziwa na wageni wake, anasikiliza. Simel kanipakia mimi. Eti na mzigo wa lanchi boksi lazima uwe na mlinzi.

Tumesimama karibu na msitu wa Lerai. Baba Goodness ana darubini. Anaipitisha kwenye miti, polepole. Ameisimamisha.

Kuna kitu cheusi kwenye majani. Kimelala. Kina pembe.

Amechukua redio. Amebonyeza. "Madereva... Lerai. Yuko... Yuko..."

Simel anatazama usukani. Mimi neno ninalo mdomoni, jamani, ni jina langu! Kalamu nimeiuma, kisha nimeandika hili ili mkono uwe na kazi.

Redio imekoroma. Ni bosi. "Tluway, nakusikia. Nani yuko Lerai?"

Ameshusha darubini. Amegeuka, ananitazama mimi. Hatazami faru kabisa.

Nimefunga mdomo. Nangoja. Mimi, nangoja.