Ulipokaa Hadi Arobaini

Ujiji, Ijumaa

Mjukuu wangu Mwanvua,

Nakusalimu kwa amani. Huku mvua zimechelewa, na dagaa wamepungua mwaloni Kibirizi. Kwenye meza ya mama yako sokoni sasa anauza Catherine, jirani yake. Aliniomba ruhusa kwa adabu, nikampa.

Barua ya chuo uliyonitumia nimeisoma mara tatu. Umefeli masomo manne kwa kutofanya mitihani, kwa hiyo mkopo wako umesitishwa. Usipokata rufaa kabla ya mwisho wa mwezi, masomo yako yatakoma. Wajomba zako wanasema ulikuwa mzembe. Nimewanyamazisha.

Siku ya tatu ya matanga ya mama yako nilikuuliza mbele yao, "Huna mitihani wewe?" Ukajibu, "Sina, Babu. Nitakaa hadi arobaini." Nimefundisha miaka thelathini na minane, mtoto anayedanganya namjua. Nilijua, nikanyamaza. Nilikuwa nimemzika binti yangu, wajomba zako walikuwa wanarudi kwao Mwandiga, nami nilitaka abaki mtu wa kuniita Babu.

Hayo yote nimeyaandika katika barua niliyoambatisha, pamoja na cheti cha kifo. Ipeleke chuoni kama ilivyo. Usifute mahali nilipoandika kwamba kosa ni langu.

Uji sasa najipikia mwenyewe. Unaungua kidogo.

Nina agizo moja. Siku nitakapofariki mimi, wakikuuliza kama una mitihani, sema kweli.

Babu yako,
Mwalimu Songoro