Abiria Wote Wanalala

Uwanjani, tarehe 3 Juni

Mpendwa mdogo wangu Nyundo,

Hujambo? Shemeji hajambo? Watoto hawajambo? Na yale masikio yako? Simu nimeiacha, maana gereji imekula masikio yako na mimi sipendi kupaza sauti mpaka majirani wajue siri za nyumba.

Huku sisi wazima, ila mimi ndiye si mzima sana. Kichwa. Tangu baridi ianze, kila siku kichwa. Nikishuka kwenye ndege nahisi nimevishwa sufuria iliyobana. Daktari wa macho alinipa miwani, na sasa naumwa kichwa nikiwa nimevaa miwani. Jumapili nisiporuka napata nafuu, nakula, namchokoza wifi yako. Jumatatu kinarudi. Nikaelewa kwamba kazi imenichoka kabla sijaichoka mimi.

Wiki iliyopita nilivuka kilima ambacho nimekivuka miaka ishirini na sita, nikajiuliza, hiki nacho ni kilima gani? Sijamwambia mtu ila wewe. Nilikuwa nimewabeba daktari wa mifugo na mama wa posta, nao kwa bahati njema walikuwa wamelala. Unajua kwamba siku hizi abiria wangu wote wanalala? Hata nusu ya njia hatujafika, vichwa vimeshaanguka. Daktari wa mifugo nyumbani kwake hapati usingizi, lakini kwangu anakoroma. Huo ndio ufundi, mdogo wangu: kuruka taratibu mpaka watu wasahau kwamba wako juu. Nitaukumbuka.

Ndiyo, nitaukumbuka, kwa sababu nauza. Yupo mwenye hoteli pale njia panda anayetaka kuisimamisha ndege yangu juu ya nguzo mbele ya lango lake, aizungushie taa za rangi. Atakuja na lori tarehe thelathini. Tumeshapeana mkono. Wifi yako alilia, na mimi nikasingizia vumbi. Najua ni chuma kikuukuu, lakini kuiona ikipigwa taa kama duka la soda kutaniuma sana. Hata hivyo, afadhali nishuke kwa miguu yangu kuliko nishushwe, na uzee haupigi hodi.

Ni mimi kaka yako,
Kapteni (kwa siku ishirini na saba zilizobaki)


Gereji, tarehe 8 Juni

Kaka, shikamoo.

Sisi wote hatujambo, salamu nyingine baadaye. Usiruke.

Barua yako niliisoma nikiwa chini ya basi. Nilipofika pale abiria wanapolala nilitoka kwa pupa nikagonga paji la uso, kwa hiyo sasa ukoo mzima unaumwa kichwa. Nimempigia wifi, nikapaza sauti mpaka gereji yote ikanyamaza. Sijui kama alinielewa, maana mimi sikumsikia hata kidogo. Ndiyo sababu naandika pia.

Kaka, watu hawalali kwa sababu ya ufundi wako. Nakupenda, lakini hujawahi kuwa rubani wa taratibu. Mimi mwenyewe safari zote mbili nilitapika.

Mwaka juzi tuliletewa basi la masafa marefu. Dereva analalamika kichwa, abiria wa viti vya nyuma wanalala hata kwenye mashimo, na sisi tukamsifu kwa kuwa na basi zuri. Kumbe bomba la moshi lilikuwa limetoboka chini ya sakafu. Ule moshi unaouona kwa macho una nafuu. Kinachoua ni hewa inayokuja nao, haina rangi wala harufu, inakubembeleza kama mama na kukuamsha haikuamshi. Yule dereva aliponea chupuchupu.

Sasa hita ya ndege yako inapata wapi joto? Wewe mwenyewe uliniambia: silensa, lile kopo la bomba la moshi, imevikwa koti la bati, hewa inapita katikati, inapata moto, inakuja miguuni kwenu. Silensa ikipasuka ndani ya lile koti hakuna atakayeona, na kinachokuja miguuni si joto peke yake. Umesema kichwa kilianza na baridi. Baridi ndiyo inayokufanya ufungue hita.

Mwambie fundi wa ndege avue hilo koti leo. Sitaki jibu la hekima, nataka jibu la fundi.

Mdogo wako anayetetemeka,
Nyundo


Uwanjani, tarehe 17 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba mara mia. Paji lako linaendeleaje? Mpe shemeji salamu, mwambie ameoa daktari.

Wifi yako alikusikia vizuri kabisa, na nadhani hata ng'ambo ya mto walikusikia. Alichukua ufunguo wa ndege akauficha ndani ya debe la unga, kisha akalikalia debe. Nikamwambia nina abiria wananisubiri. Akasema, "Wakalale kwao."

Fundi wa ndege unamjua, ni mtu wa maneno matatu kwa siku. Alivua koti, akamulika tochi. Halafu akasema, "Njoo uone kaburi lako." Siku hiyo alizidisha neno moja. Kwenye silensa palikuwa na ufa mrefu kuliko kidole changu cha kati, na masizi yametapakaa ndani ya koti lote. Nikakaa juu ya gurudumu.

Lakini sikiliza habari yenyewe. Siku nane sijaruka, na siku nane kichwa hakuna. Miwani nimempa wifi yako atungie uzi kwenye sindano. Jana nilimtajia vilima vyote vya njia yangu kwa mpangilio, na vijito, na mapaa ya bati, mpaka akaniomba ninyamaze tule. Sijazeeka, Nyundo. Ndege ndiyo iliyougua, mimi nilikuwa naugua kwa niaba yake. Nilimkumbatia fundi kwa furaha, naye hakupenda.

Sasa niseme lenye shubiri. Fundi amekagua mabomba mengine akakuta nyufa nne zaidi. Ekzosi mpya, yaani silensa na mabomba yote ya moshi, ya ndege yenye umri huu haiko dukani, inatengenezwa kwa oda, na bei yake ukiitaja mbele ya kuku anaacha kutaga. Ningeweza kuezeka nyumba yangu na yako. Kwa hiyo mwenye hoteli bado anakuja, na sijui nimzuie kwa lipi.

Na kuna jingine. Nimebishana na nafsi yangu kama nikuambie, nikaona tusifichane. Fundi aliniuliza, "Nani anaandika hapa?" Ni alama zangu. Unakumbuka ulinifundisha kwamba kila nikikagua bomba nipige mstari wa penseli na kuandika tarehe, nisije nikajidanganya? Miaka sita nimefanya hivyo kwa uaminifu, hata kwenye silensa kila mwaka ilipovuliwa koti. Kumbe mabomba ya aina hii hayataki penseli. Yakipata moto, ile risasi ya penseli inazama ndani ya chuma na kukifanya kikatike kama biskuti. Kila ufa umepita kwenye tarehe. Ule mkubwa umepasua tarehe kumi na tisa katikati kabisa. Nilicheka mpaka fundi akaniangalia vibaya. Nawe ucheke, usiumie.

Kaka yako mzima,
Kapteni


Gereji, tarehe 27 Juni

Kaka, shikamoo.

Wifi hajambo? Sisi tupo. Nisamehe kwa siku hizi kumi.

Nilipopata barua yako nilifurahi ukurasa mzima, nikawasomea mafundi wenzangu kwa sauti kwamba nimemwokoa kaka yangu. Kisha nikageuza ukurasa. Nilikwenda stoo nikalia nyuma ya matairi. Kumbe mganga ndiye aliyeroga. Kwenye mabasi tunaandika kwa penseli tangu nianze kazi na hakuna basi lililolalamika, maana chuma cha basi ni kinene na hakijali. Sikuuliza kama cha ndege ni vilevile. Nilikuwa najua, na anayejua haulizi.

Umeniambia nicheke. Nimejaribu na imeshindikana. Ungekuwa umekufa kwa maneno yangu, kaka, wewe na abiria wako.

Nimeamua hivi: nachukua likizo, nakuja na mashine yangu, nachomelea mabomba yote mwenyewe. Na ile akiba niliyoiweka ya kununua mashine mpya, ichukue yote. Mwenye hoteli arudi na lori tupu. Usimpe ndege yako kwa sababu ya penseli yangu.

Mdogo wako,
Nyundo


Uwanjani, tarehe 2 Julai

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi hatujambo, na wewe acha kulia nyuma ya matairi, utashika kutu.

Nilimpelekea fundi ombi lako. Akajibu, "Basi likizimika linaegeshwa." Maneno matatu, akarudi kwenye kazi yake. Kuchomelea kitu kinachopaa kunataka mtu mwenye kibali na saini, na wewe kibali huna hata kama mkono unao. Akiba yako nayo ibaki ilipo.

Lakini ukimya wake ulikuwa na mawazo ndani yake. Fundi anaijua karakana moja huko mjini kwako, nyuma ya maghala ya nafaka, ambayo ina kibali cha kufufua ekzosi za ndege kuukuu. Wanakata palipooza, wanaunga, wanapima, wanatia saini. Amepima unene wa mabomba: yote yatapona isipokuwa silensa, hiyo itatengenezwa mpya. Bei imeshuka mpaka kuku anaweza kutaga, ingawa ni yai dogo.

Sasa mwenye hoteli. Alifika tarehe thelathini asubuhi, na lori, na winchi, na taa za rangi ameshazinunua. Nilimwendea moyo ukiwa mkononi, maana mkono nilimpa na neno langu halijawahi kurudi nyuma. Nikamweleza yote, kichwa, hita, penseli. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema kwa huzuni, "Mzee wangu, lakini nguzo nimeshajenga." Fundi akaingia nyuma ya banda, akatoka na propela ya zamani, ile tuliyoikataa miaka tisa iliyopita, akamtwika mwenye hoteli begani. Akasema, "Hii inazunguka."

Mwenye hoteli aliisukuma kwa kidole, ikazunguka, akatabasamu kama mtu aliyepewa mtoto ampakate. Alicholipa kwa propela kimetosha silensa. Mama wa posta na daktari wa mifugo wamelipia safari zao mpaka mwisho wa mwaka, daktari kwa sharti kwamba awe macho aone anapelekwa wapi. Pengo lililobaki naliziba kwa jasho: kila boliti nimeifungua mwenyewe fundi akiwa amenisimamia, kila bomba nimelisafisha mwenyewe. Mgongo unaniuma, na ni maumivu matamu.

Mabomba yanakuja kwako kwa basi la Ijumaa, yamefungwa ndani ya blanketi la wifi yako. Yapeleke. Na tafadhali usiandike chochote juu yake.

Kaka yako,
Kapteni


Mjini, tarehe 11 Agosti

Kaka, shikamoo.

Hamjambo nyote? Mgongo umepona? Sisi hatujambo, na mimi leo nimecheka.

Niliyabeba mabomba mpaka karakana kama mtu anayepeleka mtoto kliniki. Msimamizi wao ni mama mmoja mwenye mvi, mikono yake imejaa makovu ya cheche. Aliangalia zile nyufa, akaangalia tarehe, akaniuliza, "Ni wewe?" Nikasema ni mimi niliyefundisha. Nilikuwa tayari kutukanwa. Akavuta droo ya meza yake, kaka, na imejaa penseli, labda sabini. Kila fundi anayeingia pale ananyang'anywa yake mlangoni. Akachomoa moja fupi iliyotafunwa, akasema, "Hii ilikuwa yangu." Nilicheka mpaka machozi, na safari hii sikwenda nyuma ya tairi lolote.

Nikawa nakwenda kila Jumamosi kutazama. Siku ya kupima waliziba ncha zote, wakapuliza hewa ndani, wakanipa mimi brashi nipake povu la sabuni kwenye kila kiungo. Ukiona kiputo kimoja kinavimba, kazi inarudi mwanzo. Nilipaka kiungo kimoja kimoja. Povu lilitulia lote kama maziwa kwenye sahani. Mama msimamizi akatia saini, nami nikatamani kumkumbatia, lakini nikamkumbuka fundi wako.

Halafu akanipa kipande cha bati jembamba nichomelee. Miaka kumi na nane ya kazi, kaka, na nilikitoboa mara mbili. Mara ya tatu kikashika. Ameniambia nianze kwake mwezi ujao, siku tatu kwa wiki, nijifunze mpaka nipate kibali. Bosi wa gereji amenung'unika kisha akakubali. Nitaingia pale nikiuliza kila kitu, hata nisipokuwa na la kuuliza.

Mabomba na silensa mpya vinarudi kwa basi la Ijumaa. Nimetia na kikadi kidogo: kibandike mbele yako, kikigeuka rangi jua hewa imechafuka, ushuke. Ukisharuka niandikie yote, kichwa, vilima, kila dakika. Nasubiri barua ndefu, zile zako za kurasa nne.

Mdogo wako,
Nyundo


Uwanjani, tarehe 4 Septemba

Nyundo wangu,

Marahaba. Wote wazima. Wiki mbili sasa naruka, hita wazi, kikadi hakijageuka, kichwa hakuna. Abiria hawalali tena. Mama wa posta anazungumza tangu kupaa mpaka kutua, na daktari wa mifugo anataka kila kilima nimtajie jina.

Nisamehe kwa kikaratasi hiki. Nina safari tatu kabla ya mchana na wameshafunga mikanda. Barua ndefu nitakuandikia nikizeeka.

Kaka yako,
Kapteni