Stuli ya Bi Springi

Karakana ya Saa,
Chumba cha Nyuma.
Siku ya tatu baada ya sikukuu.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani huko? Yale magoti yameacha kukusumbua? Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri na bado anatugombeza, basi ujue ni mzima.

Sikukuu tumeila salama. Baada ya chakula, kama kawaida ya nyumba yetu, kila mtu alisimulia hadithi yake ile ile ya kila mwaka. Mama mdogo alitupa ya bwana harusi aliyepotea njia. Kisha wakanigeukia mimi: "Haya, tupe Bi Springi!"

Nikatoa. Jinsi ulivyofungua saa ya ukutani ya mteja, marehemu Baba akiwa anaoga, na springi ikaruka mpaka kwenye bakuli la mchuzi. Hilo la mchuzi nililiongeza mwenyewe, mwaka gani sikumbuki. Watu walicheka mpaka machozi.

Wakati bado wanacheka, binti yangu akanyoosha mkono kugusa saa iliyokuwa mezani. Nikamkaripia, "Acha! Unataka kuwa kama shangazi yako?" Akaficha mikono mgongoni. Dada, nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Maana wewe na mimi tunajua nani alishika bisibisi siku ile. Nilifungua mimi. Wewe uliingia ukakuta vipande sakafuni, ukapiga magoti kuviokota, na Baba akakukuta navyo mkononi. Alipouliza nani, nikasema, "Ni Dada." Ukaviweka mezani kimoja kimoja, ukatoka.

Siku hiyo hiyo Baba aliitoa stuli yako karakanani. Na wewe ndiye uliyekuwa na mkono wa kazi hii. Mimi mpaka leo saa ndogo za kike zinanitoa jasho. Nimekalia meza iliyokuwa yako, wewe unafagia ofisi za watu, halafu nakufanya kichekesho cha watoto. Naona haya hata kuandika. Mwaka wa saba huu huji sikukuu, nami huwaambia watu kazi zimekubana.

Basi nikasimama, nikawaambia ukweli wote. Unajua walifanya nini? Walicheka kuliko mwanzo! Mama mdogo akasema, "Huyu naye! Mwaka huu kaigeuza. Lakini ile ya zamani ndiyo tamu." Nikaapa, wakazidi. Nimeisimulia vizuri mno miaka yote hii, sasa hakuna wa kuniamini.

Mama peke yake hakucheka. Aliinuka, akaenda stoo, akarudi na stuli yako. Sikujua kama aliitunza. Akaifuta vumbi kwa upindo wa gauni, akaiweka karakanani, pale pale ilipokuwa. Binti yangu alipotaka kuikalia, akamzuia: "Hiyo ina mwenyewe."

Njoo sikukuu ijayo, Dada. Nitaisimulia tena wewe ukiwepo, tuone nani atacheka. Hata kama hujanisamehe, njoo hivyo hivyo na hasira zako.

Nisalimie shemeji na wapwa wangu. Mama anakuombea kila asubuhi. Mungu akulinde, akupe afya na moyo mwepesi kuliko wangu.

Wako akupendaye,
mdogo wako, yule aliyesema ni wewe.